Uchochezi na Kero: Safari ya Maneno Mawili

Mwezi Juni mwaka 2018 nilifuta ubeti wa mzee mmoja wa Tanga bila kumwomba ruhusa. Mzee huyo hakuwa na simu ya kisasa. Alikuwa akinisomea mashairi yake barazani, nami nikiyanakili na kuyaweka mtandaoni ili wapenzi wa lugha walio mbali wayapate. Shairi lenyewe lilimhusu nahodha anayeziba masikio abiria wanapomweleza kwamba chombo kinaingia maji. Ubeti wa tano ulimpamba nahodha huyo kwa sifa ambazo msomaji angeweza kumvisha mtu yeyote amtakaye. Niliuogopa ubeti ule, nikauondoa. Siku chache baadaye niliufunga ukurasa mzima kwa mkono wangu mwenyewe.

Mzee alipopata habari hakukasirika. Aliniuliza swali moja tu: "Mwanangu, ubeti ule ulidhani unamsema nani?"

Sikuweza kumjibu. Lakini swali lake lilinituma kutafuta nilichokuwa nikikiogopa, na nilichokikuta ni maneno mawili, uchochezi na kero. Naomba niwasimulie safari ya maneno hayo kama nilivyoifuatilia.

Tuanze na uchochezi. Mzizi wake uko jikoni. Kuchochea ni kusogeza kuni na kufukua makaa ili moto upate kuwaka vizuri, na mpishi asiyejua kuchochea hula chakula kibichi. Kutoka hapo neno likapanda hadi mahakamani, likapewa kazi ya kubeba kosa lililoletwa na sheria za kikoloni: kusema au kuandika jambo la kuwafanya watu waichukie serikali. Mshairi ataona mara moja kwamba sitiari hiyo imeshatoa hukumu kabla ya shahidi kusimama. Anayesema amekwisha kufanywa mtia moto, wala haulizwi mtu aliyezipanga kuni.

Sheria za namna hiyo zilimgusa hata Mwalimu Nyerere. Mwaka 1958 alishtakiwa mjini Dar es Salaam kwa kashfa ya jinai, kwa sababu ya makala aliyoiandika katika Sauti ya TANU akiwalaumu maofisa wawili wa wilaya wa serikali ya kikoloni. Alitiwa hatiani, akatakiwa kulipa faini ya shilingi 3,000 au kwenda jela miezi 6, akalipa. Uhuru ulipokuja, mtu angetarajia sheria za kuyabana maandishi zizikwe pamoja na bendera ya mkoloni. Hazikuzikwa. Sheria ya Magazeti ya mwaka 1976, iliyotungwa Nyerere mwenyewe akiwa Rais, ilikihifadhi kosa la uchochezi, na Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016, iliyoifuta ile ya 1976, ikalihifadhi tena.

Kwa jirani zetu, neno hilohilo lilimfunga mshairi. Abdilatif Abdalla wa Mombasa alikuwa na umri wa miaka 22 alipoandika waraka wa Kenya: Twendapi? mwaka 1968. Alihukumiwa kwa uchochezi na kukaa gerezani hadi mwaka 1972. Humo ndani aliandika mashairi juu ya karatasi za chooni, na mashairi hayo yakatoka mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Mwaka uliofuata diwani hiyo ikapewa tuzo ya fasihi yenye jina la Jomo Kenyatta, Rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga mtunzi.

Neno la pili, kero, lina asili tofauti. Mwaka 1935 Bunge la Uingereza lilirekebisha sheria ya posta ili, pamoja na mambo mengine, kuwalinda wafanyakazi wa mitambo ya simu dhidi ya wapigaji wenye matusi. Ikawa kosa kutuma kwa simu maneno ya kuchukiza mno, au ujumbe wa uongo wenye lengo la kumletea mtu maudhi, usumbufu au wasiwasi usio wa lazima. Ulikuwa ulinzi wa haki kabisa kwa binti aliyekaa mbele ya mtambo akitukanwa na mtu asiyemjua. Lakini maneno yale yalivuka bahari. Tunayakuta karibu vilevile katika kifungu cha 29 cha sheria ya habari na mawasiliano ya Kenya, ambako yalitumiwa kuwashtaki watu kwa walichoandika Facebook. Sheria iliyomlinda mfanyakazi wa simu sasa ilimlinda mkubwa dhidi ya raia wake.

Tanzania ilikuwa na njia yake. Sheria ya Makosa ya Mtandao ilianza kutumika tarehe 1 Septemba 2015, na kwa kosa la kuchapisha taarifa za uongo iliweka faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3. Juni 2016 mahakama ya Arusha ilimtia hatiani mtu mmoja kwa maneno aliyoandika Facebook kumhusu Rais. Kisha zikaja Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2018. Mwenye blogu alitakiwa kulipa shilingi 100,000 za maombi, milioni 1 ya leseni ya kuanzia, na milioni 1 kila mwaka. Asiyetii alikabiliwa na faini isiyopungua milioni 5, au kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili. JamiiForums yenyewe ilijifunga kwa muda mwezi Juni. Mimi na ukurasa wangu wa mashairi ya wazee tungekuwa nani?

Hata hivyo, kilichonifanya niufute ubeti hakikuwa ada. Miongoni mwa maudhui yaliyokatazwa yalikuwamo yale yanayosababisha maudhi, yaani kero. Kanuni ziliandikwa kwa Kiingereza, hivyo kila mmoja wetu alijifasiria, na fasiri yangu ilipofika kwenye neno hilo, kalamu ilisita. Katika Kiswahili cha siasa za Tanzania, kero ni mali ya mwananchi. Ukosefu wa maji ni kero. Barabara mbovu ni kero. Kuna hata kero za Muungano. Viongozi husimama majukwaani wakiahidi kutatua kero za wananchi. Sasa neno lilikuwa limegeuzwa kichwa chini: mwananchi akiitaja kero yake mtandaoni, yeye ndiye aweza kuwa kero.

Najua kuna hoja ya upande wa pili, na ni hoja nzito. Baada ya uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007, jumbe za chuki zilipita kwenye simu huku majirani wakiuana, na zaidi ya watu 1,000 walipoteza maisha. Neno linaweza kuua. Lakini kadiri neno linavyoweza kuua, ndivyo sheria inavyopaswa kulitaja kosa kwa jina lake. Mahakama Kuu ya Kenya ilipokibatilisha kifungu cha 29 mwezi Aprili 2016, Jaji Mumbi Ngugi aliona kwamba maneno yake ni mapana na hayana mipaka, kiasi kwamba raia hawezi kujua alichokatazwa. Ilikuwa hukumu ya sheria, lakini mimi niliisoma kama somo la semantiki.

Uganda somo hilo lilichelewa. Stella Nyanzi, mwanazuoni na mshairi, alitiwa hatiani Agosti 2019 kwa unyanyasaji wa mtandaoni kwa sababu ya shairi kali aliloliweka Facebook kumhusu Rais Museveni. Alipewa kifungo cha miezi 18, akaachiwa Februari 2020. Januari 2023 Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo ilikibatilisha kifungu cha mawasiliano ya kuudhi katika sheria ya matumizi ya kompyuta, ambacho nacho kilikuwa kimetumiwa kumshtaki.

Hapa ndipo ninapoliona jibu la swali la mzee. Fumbo si geni kwetu. Washairi wa pwani wameishi kwa fumbo, wakisema nahodha na kumaanisha mtawala, au wakisema nahodha na kumaanisha nahodha. Fumbo la mshairi humwachia msikilizaji afumbue mwenyewe, na asiyehusika hupita salama. Fumbo la sheria hufumbuliwa na mwenye nguvu peke yake, baada ya wewe kusema, wala huna haki ya kumwambia kwamba amekosea. Nilipoufuta ubeti ule sikujua ulimsema nani. Nilikuwa nikijaribu kukisia nani angejiona ndani yake, na kwa kufanya hivyo nilimfanyia mkaguzi kazi yake bila ujira.

Tangu wakati huo kanuni mpya zimetungwa mwaka 2020 na kurekebishwa mwaka 2022. Kisha tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ikazimwa Tanzania nzima kwa siku kadhaa. Kuzima hakuhitaji hata fasiri ya neno. Shairi, tangazo la msiba na ujumbe wa mama kwa mwanawe vyote vilinyamazishwa pamoja.

Mzee wangu amekwisha kutangulia mbele ya haki. Ubeti wake wa tano ninao katika daftari, kwa mwandiko wangu, na nimekwisha kuurudisha mahali pake katika shairi. Kwa heshima yake naweka hapa ubeti wangu mmoja, nikilirejesha neno jikoni lilikotoka:

Neno ni moto jikoni, mpishi huuchochea,
Ukizimwa mafigani, watoto watangojea,
Nawauliza wandani, nani hapa kakosea?
Mchochezi ni mpishi, au mwenye maji yake?