Avoka mlangoni pa kasho: historia ya utetezi mbele ya polisi katika Beni na Butembo



Katika mikutano yetu ya elimu ya uraia watu hutuuliza: kwa nini avoka, mtu aliyesoma, anakwenda kumtetea mwizi? Ni swali la haki, nasi leo tutalijibu kwa njia ya historia. Avoka anayeshughulika na kesi za polisi hatetei wizi. Anaiuliza Serikali kama imefuata sheria yake yenyewe ilipomkamata mtu. Kazi hiyo ni changa katika miji yetu miwili, na mara kadhaa imekatwa kabla haijakomaa.

Wakati wa Wabelgiji mwananchi wa kawaida hakuijua kabisa. Force Publique ilikuwa jeshi na polisi kwa pamoja. Bwana wa teritwari aliweza kuamuru ukamatwe, kisha huyo huyo akaketi kwenye kiti cha hakimu katika mahakama ya polisi. Ungemlalamikia nani? Uhuru ulipofika, tarehe 30 Juni 1960, hapakuwa na jaji hata mmoja Mkongomani katika mahakama za kizungu. Étienne Tshisekedi, ambaye wengi wanamkumbuka kwa siasa tu, alikuwa wa kwanza wetu kupata udaktari wa sheria katika Chuo Kikuu cha Lovanium, mwaka 1961.

Jina jingine la kukumbuka ni Marcel Lihau, mmoja wa walioandika Katiba ya Luluabourg ya 1964. Mwaka 1968 akawa rais wa kwanza wa Mahakama Kuu ya nchi. Mwaka 1975 alikataa kuwapa adhabu kali wanafunzi walioandamana, na Mobutu akamfukuza. Ikiwa rais wa Mahakama Kuu alitendewa hivyo, mtetezi kijana wa Butembo angesema nini mbele ya komanda wa jandarmeri? Maana tangu 1972 polisi walikuwa wameingizwa katika jandarmeri. Aliyekukamata alikuwa askari wa jeshi, na mkubwa wake alikuwa mbali sana na raia.

Sheria ya tarehe 28 Septemba 1979 ndiyo iliyopanga kazi hii kama tunavyoijua. Avoka ana shahada ya sheria, anakula kiapo mbele ya Mahakama ya Rufaa, na anafanya mazoezi chini ya avoka mkubwa kabla ya kuandikwa katika orodha kamili. Yuko pia mtetezi wa mahakama, anayesimama mbele ya mahakama za chini tu. Basi Mahakama ya Rufaa ilikuwa Goma, kiasi cha kilomita 300 kutoka Butembo kwa njia ya Kanyabayonga na Mbuga ya Virunga. Kwa mtu wetu, rufaa ilimaanisha nauli, vizuizi vya barabarani na siku kadhaa za kulala ugenini. Kuanzia 1998 hadi 2003 vita viliigawa nchi, Beni ikawa makao ya RCD-K/ML. Januari 2025 tena M23 wakaingia Goma, na serikali ya mkoa ikahamia Beni.

Sasa tufike kwenye mlango wa kasho, maana hapo ndipo kazi yenyewe ilipo. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 18, inasema mtu aliyekamatwa aelezwe mara moja sababu, kwa lugha anayoielewa, na polisi wasimshike zaidi ya saa 48. Zikiisha, aachiliwe au apelekwe mbele ya mamlaka ya sheria. Tangu mwanzo ana haki ya kuwasiliana na jamaa yake au avoka wake. Kifungu cha 19 kinamruhusu avoka kuwa kando yake hata mbele ya idara za usalama.

Chukueni mfano. Kijana amekamatwa Furu siku ya Ijumaa jioni. Jumamosi ofisi zimefungwa, Jumapili ni ya ibada. Avoka mzoefu haanzi kwa kelele wala kwa hotuba. Anaomba kuona kitabu cha kasho, anasoma saa iliyoandikwa, anauliza kosa ni lipi. Mara nyingi sana katika mji wetu wa wafanyabiashara, kosa hilo ni deni. Mtu alichukua bidhaa kwa mkopo, biashara ikaanguka, mwenye mali akaenda polisi badala ya kwenda mahakama ya madai, na deni likabatizwa jina la utapeli. Kifungu cha 61 kinakataza kabisa kumfunga mtu kwa ajili ya deni, hata nchi ikiwa katika hali ya hatari. Mimi naona kifungu hicho kingepaswa kubandikwa kwenye kila duka la Butembo, maana wenye kuita polisi ni sisi raia wenyewe. Na tunapoona kasho inafunguka kwa pesa, tunasema sheria haina maana, halafu mshukiwa anayefuata tunampiga mawe barabarani.

Je, ikiwa mkosaji ni polisi mwenyewe? Kwa kifungu cha 156 anahukumiwa na mahakama ya kijeshi. Mei 2020 kijana mwanaharakati wa Lucha aliuawa kwa risasi katika maandamano mjini Beni, na mwaka huohuo mahakama ya kijeshi ilimhukumu ofisa wa polisi. Kwa hiyo avoka wa raia lazima ajue sheria ya askari pia.

Lakini mahakama hizo zina upande mwingine. Kanali Mamadou Ndala aliuawa karibu na Beni tarehe 2 Januari 2014, na uchungu wa watu ulikuwa mkubwa. Kesi ililetwa Beni mbele ya mahakama ya kijeshi ya operesheni, na tarehe 17 Novemba 2014 ikatoka hukumu ya kifo. Mahakama ya aina hiyo haina rufaa. Kifungu cha 61, kile kile cha deni, kinasema haki ya rufaa haiondolewi kamwe.

Tarehe 6 Mei 2021 Kivu Kaskazini iliingia katika hali ya kuzingirwa, na kesi za jinai za raia zikapelekwa kwa wanajeshi. Wanaharakati 13 wa Lucha walioandamana kwa amani Beni wakipinga hali hiyo walikamatwa Novemba 2021. Tarehe 1 Aprili 2022 mahakama ya kijeshi iliwafunga miezi 12.

Tena magereza yenyewe yalivunjwa. Kutoka Kangbayi, Beni, walitoroka zaidi ya 900 Juni 2017 na zaidi ya 1,300 Oktoba 2020. Kutoka Kakwangura, Butembo, kiasi cha 800 Agosti 2022. Muuaji alitoka, na mdaiwa aliyekuwa akingojea siku yake mbele ya hakimu naye akajikuta mtoro. Avoka alibaki na dosie mkononi, mteja hayupo. Wachache walirudi wenyewe.

Juma lijalo tutasoma barua zenu kuhusu madeni na polisi.