Ukoma katika Fikira za Wanafunzi wa Uganga

Makongolosi, wilayani Chunya, ni mji uliozaliwa na dhahabu. Tangu dhahabu ya Lupa ilipogunduliwa mwaka wa 1922, watu wa makabila mengi wamekuwa wakija na kuhama. Leo mtu yumo shimoni, kesho amefuata mwamba mwingine. Maradhi yachukuayo miaka mitano, na pengine ishirini, kabla ya kujidhihirisha hupata maficho mema mahali kama hapo. Nilikwenda huko kukusanya maneno ya wachimbaji, nikakutana na wanafunzi wa uganga waliopelekwa kujifunza kazi kwa vitendo. Jioni moja niliwauliza wanajua nini juu ya ukoma.

Walijibu vizuri kuliko nilivyotarajia. Walijua kwamba ukoma haurithiwi wala si laana, bali huletwa na vijidudu vilivyogunduliwa na tabibu Hansen wa Norway mwaka wa 1873. Kwamba hushambulia ngozi na mishipa ya fahamu. Na kwamba dalili yake ya awali ni baka lisilohisi mguso. Mmoja aliongeza kuwa dawa hutolewa bure, kwa miezi 6 au 12. Kama ungekuwa mtihani, ningewapa alama zote. Kisha nikauliza: ni nani kati yenu angekula sinia moja na mtu aliyekwisha kupona, lakini vidole vyake vimekatika? Wakanyamaza. Hatimaye msichana mmoja akasema, "Mwalimu, najua hawezi kuniambukiza. Lakini mkono wangu hautakubali."

Nililithamini jibu hilo kwa ukweli wake, na tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza ni nani aliyeufundisha mkono huo.

Wengi watasema ni mila. Kweli, hofu ni ya kale, na lugha yetu yashuhudia: ukoma, matana, jedhamu, tena balanga, neno ambalo wengine hulitumia kwa mabaka meupe ya ngozi yasiyo ukoma hata kidogo. Lakini tusiwasingizie mababu peke yao. Mwaka wa 1897 matabibu wa mataifa walikutana Berlin, wakaafikiana kwamba njia ya kuuzuia ukoma ni kuwatenga wenye ukoma. Wajerumani, waliokuwa wakiitawala nchi hii, walijenga vijiji vya wakoma. Waingereza na wamisionari wakaiendeleza kazi hiyo. Katika nyanda zetu za juu palikuwa na Makete, karibu na Tukuyu (msomaji asipachanganye na Makete ya Njombe). Huko Uganda, mwaka wa 1931, tabibu Leonard Sharp alianzisha makazi ya wakoma katika kisiwa cha Bwama, ndani ya ziwa Bunyonyi.

Haki yataka tuseme kwamba mahali hapo palitoa chakula, bandeji na faraja kwa watu waliokuwa wamekosa vyote. Lakini mpita njia mwenye afya alijifunza somo moja tu, kwamba mahali pa mgonjwa huyu ni ng'ambo ya maji. Somo hilo lilitolewa na uganga wenyewe, kwa kuta na mitumbwi, kwa zaidi ya miaka hamsini.

Halafu uganga ukabadili neno lake. Katika miaka ya 1940 ilianza kutumika dawa ya dapsoni. Mwaka wa 1981 Shirika la Afya Duniani likashauri dawa zichanganywe, na mgonjwa atumiaye dawa hizo huacha kuambukiza upesi sana. Hapakuwa tena na sababu ya kutenga mtu. Vitabu vikaandikwa upya, wanafunzi wakavisoma. Mikono haikuandikwa upya. Watu wengi waliopona hawakuwa na pa kurudi, wakabaki palepale walipotengwa.

Hapa nina ugomvi mdogo na wafasiri. Mwaka wa 2006 Tanzania ilifikia kiwango kinachoitwa "kutokomeza ukoma". Maana yake katika hesabu ni kwamba wagonjwa wamepungua chini ya 1 kwa kila watu 10,000. Kwa Mswahili, kilichotokomea hakionekani tena. Na bado kila mwaka wagonjwa wapya wamegunduliwa kwa mamia, watoto wakiwamo. Mwanafunzi aliyesoma kwamba ukoma umetokomea hatautafuta. Mchimbaji akija na kiganja kilichoungua kwa sufuria, atafungwa bandeji aende zake, wala hataulizwa kwa nini hakuhisi moto. Vidole haviliwi na ukoma, kama tulivyoambiwa utotoni. Huharibiwa na majeraha yasiyoumiza, moja baada ya jingine, na kila moja lilikuwa nafasi ya tabibu kugundua.

Kabla hatujaagana niliwauliza kama wamepata kumwona mgonjwa wa ukoma. Hakuna aliyemwona. Walikuwa wameona picha, na picha zote, walisema, zilikuwa za mikono iliyokwisha kuharibika.