Daftari la Mshairi

Anayeingia dukani kununua daftari la kuandikia mashairi huuliza bei, na pengine rangi ya jalada. Waandishi wa zamani wa visiwa vya Lamu walikuwa na maswali mengine: karatasi ina upana gani, inaupokeaje wino, na kurasa zimeshikanishwa na kitu gani.

Neno lenyewe limesafiri. Limetufikia kwa njia ya Kiajemi na Kiarabu, na asili yake ni neno la Kiyunani lenye maana ya ngozi.

Katika mji wa Siyu, kisiwani Pate, misahafu ya karne ya 18 na ya 19 ilinakiliwa juu ya karatasi za Ulaya zilizoletwa na biashara ya bahari, ikapambwa kwa wino mweusi, mwekundu na wa manjano. Khati na nakshi zilikaa pamoja, na karatasi ilibidi izibebe zote mbili.

Utendi nao una haja zake. Ubeti ni vipande vinne vya mizani nane nane, na katika hati za Kiarabu mara nyingi ubeti mzima hukaa katika mstari mmoja, alama zikitenga kipande na kipande. Hivyo kina cha bahari huangukia upande wa kushoto, ubeti chini ya ubeti, na jicho likishuka huona mara moja palipoharibika. Karatasi ikiwa nyembamba, kipande cha nne hushuka chini, na safu ile ya vina huvunjika.

Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, alikuwa mshairi, mwandishi wa khati na mchonga nakshi. Wataalamu wa Kizungu, miongoni mwao William Hichens na Ernst Dammann, walimwagizia nakala za tendi, na nyingi zimehifadhiwa London na Ujerumani. Mtu kama huyo angeshangaa kuambiwa kwamba kuna daftari la kuandikia na daftari la kuchorea. Mkono uliochonga mbao ndio uliopamba anwani za tendi.

Kisha likaja daftari la shule. Mistari yake ilipigwa kwa ajili ya hati za Kirumi. Irabu za Kiarabu, za juu na za chini, husongamana humo kama abiria katika mashua ndogo. Tena hufunguka upande usio wetu. Mwandishi huligeuza, na jedwali la kuzidisha lililochapwa nyuma huwa ndilo linalompokea msomaji. Hata hivyo simlaumu aliyelinunua. Lilikuwa rahisi, likapatikana kila mtaa, na mashairi mengi ya karne ya 20 yamesalimika humo tu. Ila mimi, nikiwa na fedha, hununua lisilopigwa mistari, lililoshonwa kwa uzi.

Sababu ya uzi ni pini. Hewa ya chumvi huitia kutu, kutu hula karatasi, na kurasa za katikati hutangulia kuachia. Wanakili wa zamani hawakuuamini hata huo uzi: chini ya ukurasa wa kulia, pembeni kushoto, waliandika neno la kwanza la ukurasa unaofuata, ili karatasi zikitawanyika zijue ndugu zao. Daftari la shule, kwa kuja limekwisha kufungwa, lilitusahaulisha desturi hiyo.

Miaka kadhaa iliyopita niliombwa kuzipanga karatasi za marehemu mzee mmoja, mshairi, ambazo pini zake zilikuwa zimebaki vumbi jekundu. Hazikuwa na nambari. Shairi moja lilikuwa la pindu, kila ubeti ukianza kwa maneno yaliyofunga ubeti uliotangulia, na jioni ile ile lilikaa sawa lote. Utendi wake haukuwa na mkufu wa namna hiyo. Karatasi zake 11 zimo katika bahasha, na wanawe wawili wanahitilafiana hadi leo ni ipi ya kwanza.