Kwa nini chumvi huzuia maji kuganda

Maji safi huganda yafikapo nyuzi sufuri za sentigredi. Yakitiwa chumvi hayagandi hapo; sharti yapozwe zaidi. Jaribio la kuthibitisha hayo ni jepesi, na katika kaunti za Migori na Homa Bay, ambako anayeuza mbuta mbichi hutegemea barafu, lina faida hata nje ya darasa.

Vikombe vitatu vya maji kiasi sawa huwekwa katika jokofu: kimoja cha maji matupu, cha pili kimetiwa kijiko cha chumvi na cha tatu magadi. Cha kwanza ndicho hutangulia kuganda. Chumvi iyeyukapo hutawanyika kuwa chembe ndogo mno ambazo huzuia molekuli za maji kujipanga kuwa barafu. Kinachohesabika ni wingi wa chembe hizo, wala si aina yake; hata sukari hufanya vivyo hivyo. Maji ya bahari, yenye takriban gramu 35 za chumvi kwa kilo, huganda karibu nyuzi 2 chini ya sufuri. Wanafunzi wa Homa Bay hawana haja ya kwenda pwani: Ziwa Victoria ni la maji matamu, ilhali Simbi Nyaima, ziwa dogo karibu na Kendu Bay, lina magadi.

Shule isiyo na jokofu haijakosa njia. Sehemu tatu za barafu iliyopondwa zikichanganywa na moja ya chumvi, barafu huyeyuka kwa kasi ikinyonya joto, na mchanganyiko huweza kushuka hadi nyuzi 21 chini ya sufuri. Neli ya maji safi ikitumbukizwa humo huganda baada ya muda mfupi. Mchanganyiko huo usiguswe kwa mkono mtupu, kwani hudhuru ngozi mithili ya moto.

Hapa ndipo mchuuzi hana budi kutahadhari. Chumvi ikinyunyizwa juu ya barafu ya samaki, baridi huzidi kweli, lakini barafu humalizika mapema, na safari ya kutoka Muhuru Bay au Mbita hadi Nairobi ni ya saa nyingi. Isitoshe, nyama ya samaki huanza kuganda nyuzi moja au mbili tu chini ya sufuri; ikiganda nusunusu kisha ikayeyuka, hulegea na kupoteza maji yake. Barafu ya maji safi hubaki kwenye sufuri hadi kipande cha mwisho kiyeyuke. Chumvi na iwekwe kwa samaki wa kukaushwa, ambao hawahitaji barafu.