Kurudi kwa Njia Tuliyojia

Msafiri atokaye Jinja kwenda Mbale hupita Iganga kwanza, kisha Tirinyi. Arudipo, Tirinyi hutangulia na Iganga hufuata. Hayo kila dereva anayajua. Lakini mwanafunzi apandaye basi hilo hilo, akiambiwa atafute kinyume cha fanksheni ya mstari mnyoofu, hubadilisha x na y kama alivyokaririshwa, kisha hupotea njiani.

Elimu hii ni kongwe. Mwaka 499 Aryabhata wa Bara Hindi aliandika jinsi ya kulirudia jibu hadi namba iliyolizaa, kwa kuitengua kila hatua kwa kinyume chake. Karne tatu baadaye al-Khwarizmi wa Baghdad alitunga kitabu kilichotupa neno aljebra, litokanalo na al-jabr, yaani kurejesha. Kwa Waarabu neno hilo lilihusu pia kuunga mfupa uliovunjika, na twaona linafaa sana.

Huku kwetu watu walizoea kinyume pasipo kukipa jina. Mwaka 1920 rupia iliiachia florini nafasi, na 1921 ikaja shilingi: rupia moja shilingi mbili. Mwenye duka wa Jinja alizidisha kwa mbili. Aliyetaka kulijua deni lake la zamani aligawanya kwa mbili. Na saa je? Mwenyeji wa Mbale asemapo saa mbili asubuhi, saa ya Kizungu ni nane. Twajumlisha sita kwenda, twatoa sita kurudi.

Hayo ni ya hatua moja, wala hayamtatizi mtu. Taabu huanza penye hatua mbili. Zama za Waingereza joto lilipimwa kwa Fahrenheit, nayo hupatikana kwa kuzidisha Selsiasi kwa 9/5, kisha kujumlisha 32. Tuseme kipimo cha Jinja chasoma 77. Mwanafunzi hukimbilia kuzidisha kwa 5/9, ndipo atoe 32; apata takriban 11, na Jinja yote yaingiwa na baridi ya Mlima Elgoni! Hatua iliyofanywa mwisho ndiyo itenguliwayo mwanzo: 77 toa 32 ni 45, mara 5/9, ni 25.

Basi y = ax + b hurudi kuwa x = (y − b)/a, mradi a isiwe sifuri. Ikiwa sifuri, kila x huishia kwenye b ile ile, mfano wa abiria walioshuka wote Mbale: kwa kuwatazama kituoni hatuwezi kujua nani alipandia Jinja na nani Iganga.