Thalidomaidi: Dawa Iliyotangulia Maelezo Yake, 1957–2018

Insha hii inatetea hoja kwamba madhara ya thalidomaidi na manufaa yake dhidi ya saratani yana chanzo kimoja. Dawa hiyo iliuzwa Ujerumani Magharibi kuanzia mwaka 1957, na wajawazito waliitumia kutuliza kichefuchefu. Iliondolewa sokoni mwaka 1961, baada ya maelfu ya watoto kuzaliwa na viungo visivyokamilika. Hata hivyo, mwaka 1965 daktari Jacob Sheskin wa Jerusalem alichapisha taarifa kuwa iliwapa nafuu wagonjwa wa ukoma wenye vinundu vya maumivu makali.

Mwaka 2010, Takumi Ito, Hiroshi Handa na wenzao nchini Japani walibaini kwamba dawa hii hushikamana na protini iitwayo serebloni. Ufukweni Bangwe, katika Ziwa Tanganyika, mfano wa karibu ni taa ya mvuvi: haiui dagaa, bali huwavuta hadi penye wavu, kisha hutumika tena. Vivyo hivyo, molekuli ndogo huzisogeza protini fulani kwenye serebloni, zikatiwa alama ya yubikwitini na kuvunjwavunjwa ndani ya seli. Mwaka 2014 ilionyeshwa kuwa kuvunjwa kwa Ikaros na Aiolos hudhoofisha saratani ya uboho. Mwaka 2018 ikaonekana kwamba SALL4, ambayo kijusi huihitaji kuunda viungo, nayo huvunjwa hivyo hivyo.

Nchini Brazil, ambako wagonjwa wa ukoma waliendelea kupewa dawa hii, watoto walioathirika waliendelea kuzaliwa. Kwa Tanzania, ambako ukoma ungalipo, funzo ni bayana: tiba hii haitenganishwi na ulinzi wa mimba.