Si Kila Giza la Akili ni Pepo: Historia Fupi ya Tezi ya Shingo

Somo letu leo ni Mathayo 4:24.

Ukiisoma aya hiyo polepole utaona kwamba Mathayo hakuwatia wagonjwa wote kapu moja. Anawataja wenye pepo, kisha wenye kifafa, kisha waliopooza. Wote waliletwa kwa Yesu na wote wakaponywa, lakini mwandishi alijua kuwatofautisha. Leo nataka tupitie historia ya ugonjwa mmoja ambao umewafanya watu wengi waitwe wavivu, wendawazimu au wenye mapepo, kumbe shida ilikuwa shingoni.

Mbele ya shingo yako, chini ya kikoromeo, kuna tezi ndogo yenye umbo la kipepeo. Madaktari wanaiita thairoidi. Inatoa homoni inayoingia kwenye damu na kuuambia mwili ufanye kazi kwa kasi gani: moyo, tumbo, ngozi, hata ubongo. Homoni ikipungua, mtu anapoa kama jiko la makaa lililofunikwa na majivu. Anasikia baridi wakati wengine wanatoka jasho, uso unavimba, sauti inakuwa nzito, anasahau, anaongea polepole, furaha inaondoka. Ikizidi, moyo unaenda mbio, mikono inatetemeka, usingizi unapotea na hasira inakuwa karibu. Mtu ni yuleyule, lakini nyumbani wanasema amebadilika.

Watu walijuaje haya? Haikuwa kwa siku moja.

Kwa karne nyingi, katika mabonde ya milima ya Uswisi, watu wengi walikuwa na goita, na watoto wengine walizaliwa wakakua wafupi, viziwi, wasioweza kujifunza. Udongo wa huko ulikuwa na iodini kidogo mno, na bila iodini tezi haiwezi kutengeneza homoni yake. Lakini iodini yenyewe haikujulikana mpaka mwaka 1811, Bernard Courtois wa Ufaransa alipoipata katika majivu ya mwani wa baharini. Mwaka 1820 daktari Jean-François Coindet wa Geneva akaanza kuitumia kutibu goita.

Mwaka 1873, daktari William Gull wa London alieleza habari za wanawake watu wazima, waliokuwa na akili timamu, ambao polepole walivimba na kupoa mwili na akili mpaka wakafanana na wale wagonjwa wa milimani. Hakujua chanzo.

Chanzo kilijitokeza kwa njia ya uchungu. Huko Bern, Uswisi, daktari mpasuaji Theodor Kocher alikuwa hodari wa kutoa goita. Mwaka 1883 alitoa ripoti baada ya kuwaita tena wagonjwa wake wa zamani awaangalie. Kati ya 18 aliowachunguza ambao alikuwa amewatoa tezi yote, 16 walikuwa wameharibika: wamevimba, wazito, akili imefifia. Kidonda kilikuwa kimepona vizuri, lakini mtu alikuwa amepotea. Kocher hakuficha. Aliandika yote, akaacha kutoa tezi nzima kwa goita za kawaida. Mwaka 1909 alipewa Tuzo ya Nobel.

Watumishi wenzangu, tukae hapo kidogo. Yule mpasuaji aliwaita tena watu aliowahudumia ili aone matunda ya kazi yake. Je, sisi tunawafuata wale tuliowaombea Jumapili na kutangaza kwamba wamefunguliwa? Tunajua Alhamisi wanaendeleaje?

Mwaka 1888 kamati ya madaktari wa London ilitoa ripoti juu ya wagonjwa zaidi ya 100 wa aina hii. Karibu nusu yao walikuwa wakisikia au kuona vitu visivyokuwepo, au kushika mawazo yasiyo ya kweli. Fikiria wangapi wangeletwa mbele ya madhabahu zetu tukawakemea usiku kucha.

Kisha ukaja mwaka 1891. Daktari kijana wa Newcastle, George Murray, alichukua tezi ya kondoo, akatengeneza maji yake na kumdunga mama wa miaka 46 aliyekuwa amefifia kabisa. Mama yule akaanza kurudi. Uvimbe ukashuka, maneno yakarudi, kumbukumbu ikarudi. Mwaka uliofuata madaktari wengine walionyesha kwamba dawa hiyo inaweza kumezwa, sindano si lazima. Mama huyo aliishi miaka 28 zaidi, akafariki akiwa na miaka 74. Ilihesabiwa kwamba dawa aliyoitumia maisha yake yote ilitoka kwa kondoo zaidi ya 870.

Tarehe 25 Desemba 1914, siku ya Krismasi, mwanakemia Edward Kendall wa Kliniki ya Mayo huko Marekani alifanikiwa kuitenga homoni yenyewe. Baadaye ikatengenezwa maabarani. Leo ni kidonge kidogo cha asubuhi, na hakuna kondoo anayechinjwa.

Hata hivyo, watu husahau. Mwaka 1949 daktari Richard Asher wa London aliandika habari za wagonjwa 14 waliorukwa na akili kwa sababu ya tezi hii. Miaka karibu 60 baada ya Murray, bado wengine walikuwa wakihesabiwa vichaa tu, na dawa ipo. Wengi wao walipopewa dawa hiyo, akili zilirudi.

Na kinga? Mwaka 1922 Uswisi ilianza kutia iodini kwenye chumvi, na mwaka 1924 jimbo la Michigan huko Marekani likafuata. Hapa Kenya sheria inataka chumvi ya mezani iwe na iodini. Kila unapotia chumvi kwenye sukuma wiki, unakinga akili ya mtoto wako.

Najua kuna mpendwa atakayeuliza: "Pastor, sasa unasema hakuna mapepo? Unasema Mungu haponyi?" La hasha. Mathayo 4:24 inataja mapepo, nami naamini. Ninachosema ni kwamba aya hiyohiyo inataja na magonjwa. Soma Isaya 38. Mfalme Hezekia alilia, Mungu akamwongezea miaka 15, na bado Isaya akaagiza andazi la tini liwekwe juu ya jipu. Ahadi ilitoka mbinguni, dawa ikatoka kwenye mti wa tini, na Hezekia hakuona aibu kupokea zote mbili.

Kwa hiyo nisikilizeni vizuri. Kama mama nyumbani amebadilika, amekuwa mzito, anasahau, analia bila sababu, nywele zinakatika, baridi haimwachi, usianze kutafuta ni nani aliyemroga. Mama aliyejifungua mwaka huu mwangalieni zaidi, kwa maana tezi hii huweza kuyumba baada ya kuzaa. Muombee, kisha mpeleke hospitali aombe kipimo cha damu cha thairoidi. Si kila huzuni inatoka kwenye tezi, lakini kipimo kitakuambia, na daktari ataendelea kutafuta.

Kama tayari unameza kidonge, usikitupe kwa sababu umeombewa. Ukiamini umepona, rudi upimwe. Katika Luka 17 Yesu aliwaambia wale wakoma kumi waende wakajionyeshe kwa makuhani, ambao ndio waliokuwa wakikagua ukoma siku zile. Uponyaji wa kweli hauogopi kupimwa.

Na wewe uliyeitwa mvivu, uliyeambiwa umerudi nyuma kiroho kwa sababu huwezi tena kuamka kwa maombi ya alfajiri: huenda hujamwacha Mungu. Huenda mwili wako unaomba msaada. Nenda upimwe wiki hii.

Tuombe. Baba, asante kwa kila ulichoweka ndani yetu, hata kipande kidogo cha nyama shingoni. Wakumbuke waliopigwa kwa ajili ya ugonjwa, waliofungwa, waliokimbiwa na ndugu. Utupe sisi wachungaji macho ya kutofautisha na mioyo ya kuwafuata kondoo wako mpaka wapone. Katika jina la Yesu, Amina.

Kuna mtu amekujia akilini ulipokuwa unasoma? Mpigie simu leo. Mbarikiwe.